Nilivyounganisha studio ya ami na kompyuta yangu

Ami hupiga picha za harusi Kibokoni, mimi nazihariri nyumbani Bamburi. Kwa miaka flashi ndiyo iliyosafiri, kwa matatu. Siku moja ikapotelea Buxton na picha za bibi harusi ndani. Nikasema basi.

Niliweka WireGuard, programu ya kuunganisha kompyuta zilizo mbali kwa njia ya siri kupitia intaneti, kwenye kompyuta zote mbili zipeane mafaili moja kwa moja. Kwenye ruta ya studio nikafungua poti 51820 ya UDP, mlango ambao WireGuard hupokelea data, nikaielekeza kwa kompyuta ya ami. Kimya. Usiku wa kwanza nililaumu fayawoli, wa pili ruta, niliizima na kuiwasha hadi ami akauliza, "Mwanangu, hicho kidude kimekukosea nini?"

Usiku wa tatu ndipo nikatazama nilichopaswa kuanza nacho. Kwenye ukurasa wa ruta, anwani ya WAN, yaani ya upande wa intaneti, ilianza na 100.81. Tovuti ya kuonyesha anwani yako ikanipa nambari nyingine kabisa. Anwani za 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa kampuni za intaneti zinazowaficha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kumbe NAT, huko kuficha wengi nyuma ya anwani moja, zilikuwa mbili: ya ruta, na ya kampuni. Nimefungua mlango wa chumba, na ufunguo wa lango anao mwingine. Nikapigia kampuni simu, wakasema anwani ya umma, inayofikika moja kwa moja kutoka nje, hulipiwa kila mwezi. Nikashukuru, nikakata.

Nikageuza mambo. Laini yangu ya Bamburi ni ya kampuni nyingine, na huku nambari mbili zile zililingana. Poti nikaifungua kwangu, kompyuta ya ami ndiyo ije kubisha hodi. NAT haimzuii anayetoka. Humkumbuka, na jibu lake likirudi humpitishia. Zikaunganika papo hapo.

Asubuhi kimya tena. Lakini ami akigusa faili lolote kwake, uhai unarudi. Hapo nikaelewa: pakiti, vile vipande vya data, zisipopita kwa muda, NAT husahau. Upande wa ami nikaongeza PersistentKeepalive = 25, ibishe kila sekunde 25 hata kama haina la kusema. Anwani yangu hubadilika pia, nikaipa jina la DNS, jina la mtandaoni linaloelekeza kwenye anwani, linalojisasisha. Ila WireGuard hulitafuta jina inapowashwa tu, basi kila alfajiri inajiwasha upya.

Harusi ya juzi iliingia yote nimelala. Ami bado anaweka nakala kwenye flashi, anaifungia kwenye droo.