Goti la Klachi

Nimeendesha daladala miaka 22, mingi kati ya Mbagala na Kariakoo. Anayeijua foleni ya Barabara ya Kilwa anajua mguu wa kushoto unavyotumika: kanyaga klachi, achia, kanyaga. Goti lililoanza kunisumbua ni hilohilo. Mwanzoni lilikakamaa asubuhi tu, nikitembea kidogo linalegea. Baadaye likawa linalia kama bawaba yenye kutu, na choo cha kuchuchumaa kikawa mtihani.

Dawa nilijiandikia mwenyewe. Diklofenaki, vidonge vya maumivu vya duka la mtaani, asubuhi na jioni, ya asubuhi nikiimeza tumbo tupu maana saa kumi na moja gari liko barabarani. Maumivu yalikatika kweli, siisingizii dawa. Ila yakikatika nami nasahau kama nina goti. Nikaenda hivyo miezi, mpaka siku nilipopata choo cheusi kama lami. Hospitali wakakuta vidonda vya tumbo vinavuja damu, na presha imepanda. Daktari akaniuliza lini nilipimwa figo mara ya mwisho. Figo? Mimi nilikuja na tumbo! Kumbe vidonge vile vinaweza kudhuru vyote: tumbo, presha na figo.

Nikasimamishwa vidonge, nikatibiwa tumbo kwanza. Goti nikapewa diklofenaki ya kupaka, kwa kuwa inayoingia kwenye damu ni kidogo kuliko ya kumeza. Daktari hakunificha: gegedu, ule utando unaokinga ncha za mifupa ndani ya goti, limelika, na hakuna kidonge kati ya vile nilivyokuwa nameza kinacholirudisha. Dawa inatuliza ili niweze kufanya mazoezi.

Hapo nilibisha. Goti limesagika, nilisage tena? Binti wa fiziotherapia akacheka. "Mzee wangu, gegedu halina mishipa ya damu. Linakula kutoka kwenye ute wa goti, nao unaingia likibanwa na kuachiwa, kama sponji. Ukikaa tu unalinyima chakula." Akanibonyeza paja la kushoto, kisha la kulia. La kushoto lilikuwa limenywea, na mimi sikuwa nimeona.

Kazi aliyonipa ni ya aibu kwa urahisi wake. Kulala chali, kunyanyua mguu ulionyooka, kuushikilia huku nahesabu hadi tano, mara kumi. Kuinuka kwenye kiti cha plastiki bila kushika popote. Kazi hizo zikiwa nyepesi, nifunge kilo ya sukari kwenye kifundo cha mguu. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Yakiamkia hadi kesho yake, nipunguze. Na ngazini, mguu mzima utangulie kupanda, mbovu utangulie kushuka. Hilo la ngazi pekee lilinilipa nauli zote za kwenda kliniki.

Wiki tatu za kwanza sikuona kitu, nikataka kuacha. Kama mwezi wa pili hivi nilishtukia nimeshuka kwenye gari bila kushika mlango. Chapati za asubuhi pia nimezipunguza, na kilo sita zimeondoka.

Goti halijapona. Nikikaa msibani kwenye jamvi siku nzima, usiku linanikumbusha, napaka dawa nalala. Vidonge sigusi bila daktari. Na kilo ya sukari ilipikiwa chai zamani. Sasa nafunga mfuko wa mchanga, mke wangu hana habari nao.