Oksijeni ilitoka, lakini haikutosha
Jana usiku, nikiwa zamu wodini, mashine ya kuzalisha oksijeni ilianza kulia king'ora ilhali kipima mtiririko kilionyesha lita 5 kwa dakika kama kawaida, kwani kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu kiwango cha oksijeni katika hewa inayotoka, ambacho hakipaswi kushuka chini ya asilimia 82. Nilimhamishia mgonjwa kwenye mtungi kwanza, ndipo nikafungua kichujio cha hewa inayoingia na kukikuta kimezibwa na vumbi, na mashine yenyewe imesukumwa hadi ukutani, hewa isiweze kuingia vizuri (kosa ambalo nimewahi kulifanya mwenyewe). Kukiosha kila wiki na kukikausha kabisa kabla ya kukirudisha ni kazi yetu wauguzi, si ya fundi. Asubuhi fundi aliipima upya mashine, nasi tukafungua daftari la matengenezo.