Hesabu za chekechea zilivyonivusha Moroko hadi kilele cha Toubkal

Kifaransa sikijui. Kiarabu changu ni cha madrasa: kusoma naweza, kuzungumza siwezi. Ndiyo maana kabla sijaondoka Moshi ndugu walinisihi nilipie safari ya kundi, niwe na mtu wa kuniongoza tangu uwanja wa ndege hadi mlimani. Sikulipia. Siku tisa za Oktoba nilizunguka kwa treni na teksi za kuchangia, na mijini kilichonisaidia kuliko simu ni hesabu nilizojifunza utotoni.

Hilo nililigundua Fes. Asubuhi niliingia mji wa kale, Fes el-Bali. Gari haliingii humo. Kuna vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na mizigo, kuanzia mitungi ya gesi hadi ngozi mbichi, hupita mgongoni mwa baghala. Mwenye mnyama akipiga kelele "balak!" unajibana ukutani. Kwenye duka moja la mikoba niliuliza bei, muuzaji akasema, "Miya u khamsin."

Nikaduwaa. Mia na hamsini! Nikamjibu "sabini", vilevile tunavyoitamka nyumbani. Akaelewa, akatabasamu, akanivutia kigoda. Akashuka, nikapanda, mpaka tukakutana tisini. Kisha akanimiminia chai, birika juu kabisa na bilauri chini, povu likajaa. Ilikuwa ya nanaa, naye aliiita nanaa.

Nanaa hiyohiyo nilipewa tena Chouara, wanakotengeneza ngozi, shada zima la kushika puani. Mashimo meupe yana chokaa na kinyesi cha njiwa, ambacho hulainisha ngozi kabla haijatiwa rangi. Wanaume husimama ndani ya maji hayo, miguu mitupu. Mimi shada lilinitosha kwa dakika chache. Wao wanashinda humo. Ningaliona Chouara kabla ya duka lile, nisingalimshusha yule mzee hadi tisini.

Fes pia nilidanganywa. Kijana mmoja aliniambia njia ya kwenda msikiti wa Al-Qarawiyyin imefungwa, akanizungusha nusu saa, kisha akadai pesa. Njia ilikuwa wazi. Tangu hapo nikaweka sharti: anayenifuata simuulizi, namuuliza aliyekaa dukani kwake. Alasiri niliswali Al-Qarawiyyin, msikiti unaosimuliwa kuwa mwanamke, Fatima al-Fihri, aliuanzisha mwaka 859. Nilikaa pale ndani muda mrefu baada ya watu kuondoka.

Marrakech sikukaa. Treni kutoka Fes ilichukua zaidi ya saa sita, nikalala, asubuhi nikapanda teksi ya kuchangia hadi Imlil, kijiji cha miti ya jozi kwenye mita kama 1,740. Baadhi ya nyumba zilikuwa bado zinajengwa upya baada ya tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023. Nilipotoa pole, mwenye nyumba niliyofikia aliweka mkono kifuani, akanyamaza.

Hapo hesabu zangu zilipungua nguvu, maana watu wa milima ile ni Waamazigh na kwao wanazungumza Kitashelhit. Kiongozi ni lazima kumwajiri, na njiani askari hukagua pasipoti. Kiongozi wangu alikuwa mtu wa maneno machache. Kila tulipopumzika alinyoosha kidole kwenye chupa yangu: "Aman." Nilidhani ananitakia amani, nikawa namwitikia kwa kuweka mkono kifuani. Kumbe aman kwao ni maji! Alikuwa ananisihi ninywe, na alikuwa na haki, maana kichwa kilishaanza kunigonga.

Tulilala kwenye kibanda cha wapandaji, mita 3,207, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwa tochi za kichwani. Toubkal ina mita 4,167, ndefu kuliko milima yote ya Afrika Kaskazini, lakini haifiki hata Meru yetu. Mimi mtu wa Moshi nilidhani itakuwa nyepesi. Kokoto zilikuwa zinateleza, hatua mbili juu, moja chini, na baridi ilipenya glovu. Nilichoshika ni kimoja: nikishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, napunguza mwendo. Saa mbili kasorobo asubuhi niligusa ile piramidi ya chuma ya kileleni. Kusini milima ilishuka safu kwa safu, ikizidi kuwa kavu kuelekea jangwani. Kiongozi alinipa chupa yake. "Aman," nikasema mimi safari hii. "Tanmirt," yaani asante, nalo alikuwa amenifundisha.

Kurudi Marrakech, teksi ya Imlil haiondoki hadi abiria watimie sita. Tulikuwa watano, jua linazama, na mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye homa mapajani. Dereva alitoka, akatutazama mmojammoja akihesabu kwa sauti. Alipofika mwisho nikainua vidole viwili, nikamlipa viti viwili, nikamwambia, "Sita." Akawasha gari.