Adhana ya alasiri msituni Magamba

Hii ilikuwa Julai 2017. Nilijipangia siku 4 za kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, kule mwisho kabisa wa Usambara ambako ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Mkomazi iko chini yako yote, na nilitaka niende peke yangu. Mama aliniuliza kwanini peke yako, sikuwa na jibu la maana, nikamwambia nataka tu kusikia miguu yangu. Alinyamaza, akanifungia maandazi.

Ninayotaka kuisimulia ni siku ya kwanza, ile ya kukatiza msitu wa Magamba nitokee Rangwi nikalale kwa masista.

Nilitoka Lushoto saa 12 na nusu asubuhi, baridi ya Julai mnaijua wenyewe kama mmewahi kufika, ile ya kutoa moshi mdomoni. Begi lilikuwa kama kilo 14 hivi, tenti, sufuria dogo, mchele, dagaa, maji lita 3, dira ya zamani ya marehemu babu na simu niliyoipakulia ramani ya kusoma bila intaneti. Kupanda mpaka Magamba nilipishana na kina mama wanashuka sokoni na karoti na matunda damu kichwani, na kila niliyemwamkia swali lilikuwa lilelile, mbona peke yako baba, mwenzio yuko wapi? Mara ya kwanza nilijibu nipo mwenyewe tu, mara ya pili nikasema yuko mbele, maana niliona lile jibu la kwanza linawapa huzuni.

Pale msituni nililipia kibali na mzee mmoja wa kulinda akanipa maelekezo, akachora na fimbo kwenye vumbi. Ukifika njia panda kuna pana na kuna nyembamba, wewe shika nyembamba. Nikamwambia sawa mzee wangu, asante. Nilimsikia vizuri kabisa, naomba hilo lieleweke.

Masaa mawili ya mwanzo sijui niyaelezeje. Mvua hainyeshi lakini majani yanadondosha maji, kwa sababu hewa ya baharini ikisukumwa ikagonga hii milima inapanda, inapoa, inageuka ukungu na ukungu unanasa kwenye miti, ndo maana msitu ule unalisha mito hata wakati wa kiangazi. Matawi yameota ndevu za kijani. Mbega walikuwa wanaunguruma kwa mbali kama pikipiki inayokataa kuwaka, halafu ghafla wanarukia mti mwingine na ile mikia myeupe inaelea nyuma yao. Hondohondo wakapita juu, mabawa yao unayasikia kabla hujawaona. Nilitembea nikiwa nimetabasamu mwenyewe, sina haraka, nimekula maandazi matatu.

Kwenye njia panda ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka chini. Ile nyembamba ilikuwa imefunikwa na majani ya kuwasha nikaona kama haijapitwa siku nyingi, ile pana iko wazi, inakaribisha, nikasema mzee labda alichanganya. Nikashika pana. Ilikuwa barabara ya zamani ya magari ya mbao. Milima hii imekatwa sana, tangu enzi za Mjerumani, aliyefikia hadi kujenga waya wa kubebea magogo hewani kutoka kule Shume mpaka chini Mkumbara kwenye reli, na baada yake wakaja wengine na wengine. Barabara za wakata mbao haziendi kwa watu, zinaishia mti wa mwisho ulipoishia. Hilo sikulijua. Nimetembea zaidi ya saa nzima, ikaanza kubanwa na vichaka, ikawa mfereji, ikaisha kabisa kwenye mteremko mkali nisiouona mwisho wake.

Nikageuka nirudi, sa kurudi ndo nikakuta vinjia vitatu ambavyo wakati wa kuja sikuviona hata kimoja. Nikashika kimoja, nikarudi, nikashika kingine. Simu haina netiweki, ramani inaonyesha kidoti cha bluu kimekaa kwenye kijani kitupu. Saa 8 mchana giza kama saa 12 jioni. Nikaanza kutembea haraka haraka bila sababu, nikateleza nikaangukia mkono, na nilipoinuka nikasikia napumua kwa sauti kama mtu anayelia. Hapo nikaogopa. Nikajiambia kaa chini.

Nilikaa penye kisiki cha mkulo. Wasioujua, mkulo ni mti mkubwa wa mbao nzuri sana, wenye harufu kama ya kafuri, na huku ndo uliwindwa kuliko yote. Kisiki chenyewe kilikuwa kimeshaoza, kipana unaweza kulala juu yake, pembeni yake kuna shimo la kupasulia mbao la zamani limejaa majani. Lakini mkulo ukikatwa mizizi haifi, inatoa miche, na ile miche ilikuwa imeshakuwa miti myembamba mirefu imekizunguka kisiki kama watoto wamemzunguka mama yao amelala. Nikaegemea mmojawapo. Nikala andazi. Nikamuwaza mama, nikawaza kama nikilala hapa nitafunga wapi tenti, nikawaza maji nusu lita. Nilikaa kama saa nzima na nusu, ukungu hauondoki.

Halafu nikasikia adhana.

Mwanzoni nilidhani masikio yangu. Hakuna spika, hakuna ule mkwaruzo wa maiki, ni koo tupu la mtu kutoka chini huko bondeni, sauti nyembamba, inakatika na upepo inarudi. Mi nilikurupuka nikatoa dira nikasimama nimeielekeza kule inakotoka, nikafumba macho nisikilize vizuri, maana bondeni sauti inagonga huku na huku inakudanganya, nikafumbua nikasoma namba, nikafumba tena nikasoma tena. Adhana ina dakika chache tu. Ilipofika mwisho, laa ilaaha illallah, namba nilikuwa nimeiandika mkononi kwa peni.

Nikashuka na ile namba. Sikuangalia njia, niliangalia dira, naenda mti hadi mti, nimepita juu ya siafu, nimevuka kijito nikajaza chupa, nimeshuka kwa makalio sehemu moja. Kama dakika 50 hivi. Na mara miti ikaisha, pwaa, niko kwenye shamba la maharage, kuna mwanga, kuna moshi, jogoo anawika.

Msikiti ulikuwa chumba kimoja cha udongo kimeezekwa bati. Wazee walikuwa wamekaa kibarazani. Nikawaamkia, wakaitikia, mmoja akauliza umetokea wapi huko, huko hakuna njia. Nikasema mzee wangu nilipotea, nimefuata adhana. Wakatazamana. Yule mzee akageuka ndani akaita, akatoka mtoto wa kama miaka 13, amevaa gambuti kubwa kuliko miguu yake. Akasema, huyu hapa ndiye.

Sikujua nimwambie nini. Nilimpa mkono tu, akaniamkia, shikamoo kaka, anaangalia chini.

Bibi mmoja akaniletea viazi vya kuchemsha na chai ya mchaichai, akaniona mkono ulivyochubuka akasema pole mwanangu, pole sana, mpaka machozi yakanilenga. Mzee akamwagiza mtoto anifikishe mtoni, ukivuka tu utaiona barabara ya Rangwi. Tulitembea hatuongei sana. Nikamuuliza alfajiri pia unaadhini wewe? Akasema ndiyo, ila giza, na kuna mbwa. Tulipofika mtoni nikatoa taa yangu ya kichwani nikamvalisha, nikambana mkanda ukamtosha. Aliwasha, akazima, akawasha. Akakimbia kurudi na zile gambuti zinapiga kelele.

Nikavuka, nikapanda upande wa pili, begi limekuwa zito kama mawe. Jua lilikuwa limeshazama na masista walikuwa bado mbele kidogo. Nikasikia ile sauti tena, ng'ambo ya bonde, inahema kidogo, mwanzoni haijatulia, halafu ikatulia. Nikasimama barabarani mpaka alipomaliza. Kafika.