Hii saini ni ya kuja au ya kukubali?

Wiki mbili zilizopita nilikua kijijini kwa mama na mkutano mkuu wa kijiji ukanikuta huko. Mimi sio mkazi wa pale kwahiyo nilikaa pembeni kusikiliza tu, lakini niliyoyaona yamenikaa kichwani mpaka leo.

Ajenda kubwa ilikua ardhi, kuna mtu anaomba ekari arobaini kule bondeni ambako watu wanalima mpunga miaka yote. Sasa kabla hata mjadala haujaanza daftari likaanza kuzungushwa, andika jina weka saini, andika jina weka saini, watu wanasaini huku wanapiga stori. Likamfikia bibi mmoja amekaa chini kwenye kanga, akaligeuza geuza akauliza kwa sauti, "Mtendaji mwanangu, hii saini ni ya kuja au ya kukubali?" Kimya. Maana juu ya ukurasa palikua patupu, hakuna kichwa wala tarehe! Akasema haandiki mpaka paandikwe MAHUDHURIO, na ikabidi paandikwe pale pale watu wote wanaona.

Jamani yule bibi alikua anailinda sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza, na mkutano mkuu ndo sisi, kila mkazi aliyefikisha miaka 18, uwe na cheo usiwe nacho. Yaani ile karatasi tupu yenye majina mia ingeweza kuja kubandikwa kwenye muhtasari halafu ukaambiwa wananchi waliridhia, na saini yako ipo, utabisha nini?

Baada ya hapo mkutano ukabadilika kabisa, watu wakaamka. Wakataka na mapato na matumizi yasomwe, hela ya ushuru wa mazao imeenda wapi, mabati ya zahanati yamefika mangapi. Ombi la ardhi likarudishwa, wakulima wa bondeni wasikilizwe kwanza ndo lije tena mkutanoni.

Kilichoniuma ni mimi mwenyewe. Huku mjini nimepanga mtaa mmoja miaka sita, tunalalamika kila siku kwenye grupu la wasap, mara mtaro umeziba, mara taka hazijazolewa wakati hela tumetoa, na sijawahi kukanyaga mkutano wa mtaa hata mmoja, nilikua najiambia ile ni mambo ya wazee na wanasiasa. Wakati pale ndo mahali pekee ambapo nanyoosha mkono mwenyewe bila kupitia kwa diwani wala mbunge.

Juzi nimepita ofisi ya serikali ya mtaa kuulizia. Mkutano ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa, uwanja wa shule ya msingi. Nimeshawaambia majirani wawili tunaenda wote, na la mtaro nitalisema mimi.