Siku moja ya kazi Busia: madaftari matatu, kijiji kimoja

Ni Jumatano ya katikati ya Julai, kijijini, wilaya ya Busia, mashariki mwa Uganda. Mahindi ya msimu wa kwanza yameanza kuvunwa, mvua bado haijakatika, na muhula wa pili umefika katikati. Shirika letu ni dogo: wafanyakazi wanne, pikipiki moja, baiskeli mbili, na madaftari matatu. Moja la shule, moja la afya, moja la akiba. Kazi yote ya siku imo ndani ya hayo madaftari.

Saa 12:00 asubuhi

Moto wa uji unawashwa shuleni. Uji ni wa watoto 240 wa darasa la kwanza hadi la tatu: gramu 40 za unga kwa kila mtoto, kikombe cha mililita 300. Jumla ni kilo 9.6 za unga na lita 72 za maji, sehemu tatu mahindi na moja soya. Unga hukorogwa kwanza kwa maji baridi kwenye ndoo, ndipo umiminwe katika sufuria inayochemka. Ukimwagwa mkavu hufanya madonge, na ndani ya donge unga hubaki mbichi.

Soya ndiyo inayotaka uangalifu. Ikisagwa mbichi humsumbua mtoto tumbo, na mwili haupati vizuri protini iliyomo. Kwa hiyo huchemshwa nusu saa, hutolewa maganda, hukaushwa kabisa, kisha hupelekwa kinuni. Uji nao huachwa utokote dakika 20.

Kosa linalorudi kila muhula linatokana na huruma. Watoto wa madarasa ya juu wanakuja na vikombe, mpishi anaona vibaya kuwanyima, anaongeza maji. Kila mtoto anakunywa na hakuna anayeshiba. Tumekubaliana na mpishi kwamba maji hayaongezwi bila unga, hata kidogo.

Nafaka hutoka kwa wazazi. Kwa muhula wa siku 65, mtoto mmoja anahitaji karibu kilo 2 za mahindi na gramu 650 za soya. Tunaiomba sasa, wakati magunia yamo nyumbani. Ukingoja Februari shule zifunguliwe, nafaka imekwisha kuuzwa. Tena tunaiomba kwa kilo. Mzazi akitajiwa shilingi husita. Akitajiwa kilo mbili za mahindi aliyovuna mwenyewe, huleta.

Saa 2:00

Majina yanaitwa. Ada ya shule ya msingi katika shule za serikali iliondolewa kwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, UPE, mwaka 1997, lakini kuandikishwa ni jambo moja na kukaa darasani ni jingine. Tunahesabu mara mbili: asubuhi, na tena baada ya uji wa saa nne, kwa sababu wapo wanaokunywa na kwenda zao shambani kufukuza ndege. Rejista ikijazwa Ijumaa kwa kumbukumbu, haina faida. Mtoto akikosa siku tatu mfululizo, jina lake huandikwa kwenye karatasi anayopewa mhudumu wa afya wa kijiji, yule ambaye huku kila mtu humwita VHT.

Leo karatasi ina majina sita.

Saa 3:00

"Hodi hapa!"

"Karibuni, karibuni. Mwalimu amewatuma?"

"Ametutuma, mama. Tumekuja kumjulia hali mtoto."

Nyumba ya kwanza mwanafunzi wa darasa la pili hajambo. Anayeumwa ni mdogo wake wa miaka miwili, na yeye amebaki kumlea ili mama aende sokoni. Hali hii tunaikuta mara nyingi kuliko mwanafunzi mwenyewe kuugua.

VHT anatoboa kidole, anaweka damu kwenye kibao cha kipimo cha malaria, anadondosha matone ya dawa na kutazama saa. Jibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20, kama kisanduku cha kipimo kinavyoelekeza. Wanaosoma baada ya dakika tano hukosa mstari hafifu. Wanaosahau kibao kwa saa nzima huona mstari usiokuwepo. Jambo jingine linalowachanganya wengi ni kwamba vipimo hivi hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata mtoto akiwa amepona. Aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anaweza kuonyesha malaria asiyokuwa nayo. Ndiyo maana daftari la afya lina safu ya tarehe ya matibabu ya mwisho, na hiyo husomwa kabla ya sindano kugusa kidole.

Leo mstari upo. Mtoto ana kilo 11, hivyo ni kidonge kimoja cha dawa ya mseto kwa kila mara, mara sita kwa siku tatu. Cha kwanza anameza mbele yetu, baada ya kunyonya au kula chochote chenye mafuta, kwa kuwa mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini. Cha pili ni saa nane kamili tangu ameze cha kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Akitapika ndani ya nusu saa, anarudishiwa. Hatumwambii mama "kutwa mara mbili" tukaondoka. Tunamwandikia saa kwenye karatasi naye anatusomea. Bila hivyo, homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa kwa ajili ya mtoto mwingine, na hapo watoto wawili wote wanakosa tiba.

Akihema kwa haraka, pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Mwenye umri wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha 40, au wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, hushukiwa nimonia. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono, unaoonyesha utapiamlo, nao hutolewa kila nyumba yenye mtoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, na huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tangu chanjo ya malaria ianze kutolewa nchini Aprili 2025 tumeongeza safu ya dozi zake nne, za miezi 6, 7, 8 na 18. Ile ya nne ndiyo tunayoihofia, maana mwaka karibu mzima unapita katikati.

Saa 6:30 mchana

Mahindi, kupima unyevu. Chupa kavu ya kioo, vijiko vitatu vya chumvi kavu, punje hadi karibu nusu ya chupa, tikisa dakika tatu, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, na mzigo unarudi kwenye turubai. Kuyaweka ghalani kwa muda mrefu tunataka yafike asilimia 13. Mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo huota ukungu unaoleta sumukuvu. Watu wa Busia hawajasahau Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo. Turubai ni nafuu kuliko gunia lililokataliwa mpakani, na ni mahindi haya haya yanayoingia kwenye uji.

Saa 8:00

Kusoma, darasa la nne, saa nzima. Watoto hupangwa kwa kile wanachoweza: herufi, maneno, aya, hadithi. Kila baada ya wiki nne hupimwa upya kwa ukurasa ambao hawajauona, kwani wengi wamekariri kitabu na hukiimba macho yakiwa dirishani.

Saa 9:30 alasiri

Chini ya mwembe, kikundi cha akiba cha watu 25. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, wala hakuna kati yao anayelala nyumba moja na mtunza sanduku. Hisa ni shilingi 2,000, na mwanachama hununua moja hadi tano kwa wiki. Fedha huhesabiwa kwa sauti na watu wawili, kisha wote hutamka salio kabla sanduku halijafungwa, ili hata asiyejua kusoma alibebe kichwani.

Aliyeweka hisa tatu kwa wiki 20 ana 120,000, na kanuni inamruhusu kukopa hadi mara tatu, yaani 360,000. Kwa maoni yetu hiyo ni nyingi mno kwa anayetegemea shamba tu. Mkopo wa kununulia turubai, au dagaa wa kuuza kutoka ufukwe wa Majanji, hurudi. Mkopo wa kulipia msiba haurudi kirahisi, na kwa ajili hiyo upo mfuko wa jamii usio na riba. Mfuko huo ndio unaolipa pia bodaboda ya kumpeleka mtoto mgonjwa kituo cha afya. Kabla haujakuwepo, barua za rufaa zilikuwa zinabaki nyumbani kwa kukosa nauli.

Mgao wa mwaka kikundi kimeuhamisha kutoka Desemba hadi mwisho wa Januari. Fedha za Desemba zilikwenda kwenye sikukuu. Za Januari zinakuta sare, madaftari na mbegu za Machi.

Saa 11:30 jioni

Madaftari matatu yanafunguliwa mezani pamoja. Yaliyomo kwenye la afya hayasemwi kamwe mbele ya kikundi cha akiba. Tunalinganisha sisi na VHT peke yetu. Jina likionekana kwenye madaftari mawili, nyumba hiyo inatembelewa kwanza kesho.

Leo ziko nne. Moja ina mtoto aliyekosa shule siku tatu, mama asiyenunua hisa wiki mbili, na vidonge ambavyo cha pili kinatakiwa saa kumi na mbili hii hii. Hiyo hatungoji kesho. VHT anapita huko sasa kwa baiskeli, ana tochi, na ile karatasi ya saa anaikuta imebandikwa ukutani.