Miaka 12 Muscat, jezi bado ziko kwenye nailoni

Haya jamani nimerudi kutoka Muscat, Oman, na safari hii sio likizo. Wanaouliza mbona kimya ni kwamba simu ilikunywa maji siku ileile niliyofika, masika ya 2024 mnayajua wenyewe, bodaboda kanitoa stendi ya Muheza na mabegi mawili, moja kalilaza juu ya tenki moja nimelikumbatia mimi, tumefika ule mteremko wa kabla ya shule akasimama akaniambia dada hapa tunashukaga hata sisi wenyewe. Nikashuka na viatu vyangu vya Muscat. Kimoja kilibaki kwenye tope mpaka mtoto mmoja wa shule akakichomoa kwa fimbo akanipa, shikamoo mama. Mama! Niliondoka hapa naitwa dada.

Habari za njiani sizisimulii sana, kila anayerudi anaandika hayohayo, kwamba mi naondoka 2012 mabasi yako Ubungo narudi naambiwa Mbezi, kwamba uwanja wa ndege umekuwa mwingine kabisa. Segera bado wanauza machungwa dirishani na bado lile la chini kabisa ya mfuko limeoza. Nilifurahi kweli.

Nataka kuandika habari ya shule. Ile shule yetu ya kata kule njia ya kwendea Amani, jina silitaji na mkisoma mtajua kwa nini.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha tatu palepale nilipomalizia mimi. Nimemwacha ana miaka minne, nilichokuwa namjulia ni voisi noti. Kila Ijumaa anachukua simu ya mama yake ananitumia habari za wiki nzima, mamdogo dada mkuu kavuliwa cheo, mamdogo mwalimu wa hesabu kahamishwa, mamdogo kuna nyoka kaonekana maabara tukasoma nje, mamdogo tumefungwa netiboli 18 kwa 6 lakini refa alikuwa wa kwao. Nilikuwa nazisikiliza usiku nikishamaliza vyombo, kule saa tano nyumbani saa nne, nimelala chali chumba cha karibu na dobi nacheka mwenyewe. Mpaka nikawa najiona mi ndo naijua ile shule kuliko waliopo.

Basi Jumatatu ya kwanza akaniambia mamdogo twende wote shule. Nikajua anataka kuniringishia kwa wenzake, nikavaa abaya nzuri. Kumbe ananipeleka kwenye ubao wa matangazo.

Ubao wenyewe ni plaiwudi imegongwa ukutani nje ya ofisi ya walimu, na karatasi hazijabanwa kwa pini, zimebanwa kwa miiba ya mchungwa. Miiba mirefu mikavu, kila karatasi miiba minne. Nikasimama pale nasoma kama gazeti. Ratiba ya majaribio ya kidato cha pili na cha nne, maana mwishoni mwa mwaka hao wote wana mtihani wa taifa. Kidato cha nne wanaokaa kambi wasipike chumbani. Skauti Jumamosi waje na fyekeo. Sweta limeokotwa, mwenyewe aje aseme limechanika wapi. Timu ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, majina 12 ya wasichana na chini yake mtu kaandika kwa penseli TABORA HIYOOO, maana taifa 2024 ilikuwa Tabora na wao hata wilaya hawajacheza. Halafu karatasi ndefu kuliko zote, WASIOLETA MAHINDI. Namba 23 ni huyu binti yangu. Anadaiwa kilo 11.

Nikamgeukia, anaangalia pembeni. Yaani mi kila mwezi natuma hela halafu mtoto yuko kwenye ubao. Ada haipo siku hizi tangu 2016 lakini chakula cha mchana wazazi walikubaliana kwenye kikao wachangie, usipoleta mtoto anakula, hawamnyimi, ila anabandikwa. Dada yangu tulishaongea, hela ilienda kwenye bati, na bati naliona liko juu ya nyumba sina la kusema. Nimelipa kilo 11 na za muhula ujao.

Niseme kidogo ilivyokuwa zamani ili mnielewe. Sisi tumeingia 2007, wakati ule ndo kila kata inajengewa sekondari, vyumba vilikuwa viwili, wengine mnasomea chini ya mwembe, ikinyesha mnajibana wote mle ndani mnasimama. Ada shilingi 20,000 kwa mwaka na kwa hiyo elfu ishirini nimerudishwa nyumbani mara nne. Mwalimu wa kemia hatukuwahi kumwona, fizikia alikuja mmoja akakaa miezi miwili. Nimemaliza 2010 na nimepata ziro, naiandika hapa wazi, mwaka ule tulifeli wengi nchi nzima. Ndo nikaingia Tanga mjini kwenye duka la vitambaa, kutoka hapo Muscat.

Sasa hivi kuna madarasa ya hela za UVIKO, meupe yana vigae chini, umeme wa REA, ule wa vijijini, umefika, walimu wa sayansi wapo watatu. Kengele ni ileile ringi ya lori. Nikaigusa. Wamebadilisha chuma cha kugongea tu.

Sasa jezi. 2020 nilituma jezi za netiboli 14, nimenunua mwenyewe Ruwi hukohuko Muscat, rangi ya zambarau namba nyeupe, zikaja na mtu anayekuja Tanga, na picha nikatumiwa wanafunzi wamezishika. Basi nikamuuliza mwalimu wa michezo, jamani zile jezi zilichakaa? Akasema hapana dada ziko salama kabisa! Akafungua kabati la ofisini, akatoa mfuko, jezi zote 14 ziko kwenye nailoni yake vilevile na kile kibandiko cha bei. Miaka minne. Nikauliza kwa nini, akasema tunazitunza kwa mashindano. Nikasema mashindano si yamekuwepo? Akasema ndio ila tulisubiri tufike mkoa. Nikakaa kwenye kiti.

Nisiwe mwongo, nilikasirika, nikatoka nje nikamkuta golishuta wao anafunga mazoezini pekupeku na fulana ya kampeni ya mgombea fulani imeoshwa mpaka sura haionekani. Nikawaambia zivaeni leo hii. Wakazivaa. Jamani. Mi wakati nanunua nilikuwa najipima mwenyewe dukani, na mi mwili wangu mnaujua. Zile jezi ziliwafika magotini, mikono inapita viwiko, senta wao mdogo alipoinua mikono kudaka mpira shingo ya jezi ikamshuka begani wakaanza kucheka, na mi nikacheka, mwalimu ndo akaniambia polepole, dada, tuliona tangu mwanzo lakini tungekwambiaje.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nane mchana kuna mdahalo, mkuu wa shule, mama mmoja mpole hivi wa kutoka Korogwe, akaniomba nikae meza ya mbele kama mgeni rasmi. Kwa kawaida wanafanya kwa Kiingereza ila kwa heshima ya mgeni wakaruhusiwa Kiswahili, nikashukuru moyoni. Mada imeandikwa ubaoni: Ni bora kijana akatafute maisha nje ya nchi kuliko kubaki kijijini. Nikajua hapa nimewekwa mtegoni.

Akasimama mvulana wa kidato cha nne upande wa watetezi, mheshimiwa mwenyekiti, mtunza muda, majaji, wapinzani wangu wasio na hoja, makofi, akasema ushahidi tunao mbele yetu, mgeni wetu alisoma hapahapa, leo hii ni nesi katika hospitali kubwa Uarabuni.

Nesi.

Hii habari chanzo chake ni mama yangu. Nyumba niliyofanyia kazi kule Seeb walikuwa wanatuvalisha yunifomu, bluu ya mbingu ina kola nyeupe, nikapiga picha ya kwanza nikaituma, mama akasema alhamdulillah mwanangu nesi. Sikumwambia ndiyo wala sikumwambia siyo. Miaka 12 sijasema siyo.

Makofi yakapigwa na mi nikatabasamu, ndo ukweli. Halafu akanyanyuka msichana upande wa wapingaji, anakaa hosteli kwa sababu kwao ni juu kabisa Amani, akasema hoja ya taarifa mheshimiwa mwenyekiti. Akasema unesi unataka kemia na baiolojia, na mwalimu wetu alituambia shule hii mpaka 2010 haikuwa na mwalimu wa kemia. Kwa hiyo naomba kumuuliza mgeni kwa heshima zote, shikamoo, kemia alisomea wapi?

Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, pengine na yeye akasomee hukohuko. Mvua ilikuwa imeanza, bati linapiga, nikasimama nikaomba wasogee maana sauti haifiki. Nikawaambia mi sio nesi. Nilikuwa nafanya kazi za ndani. Napika, nafua, nalea mapacha wawili na bibi mmoja mgonjwa, ambaye kwa bahati alizaliwa Unguja tukawa tunaongea Kiswahili usiku.

Nilidhani watacheka. Nikamtafuta binti yangu, kainamia dawati. Halafu mikono ikaanza kunyooshwa, mmoja, mitano, nyuma kule wengine wamesimama kabisa. Unaamka saa ngapi? Saa kumi na moja. Pasipoti unakaa nayo wewe? Hapana, alikaa nayo kafili, yaani mwajiri, mpaka mwaka wa nne ndo nikapewa. Siku ya kupumzika? Miaka miwili ya kwanza hakuna. Ulipigwa? Hapana, ila niliyetoka naye Tanga alipigwa. Mshahara? Nilianza riali 70 nimemaliza 90. Kuna mvulana anachukua komasi akaomba asaidiwe riali moja ni ngapi, nikamwambia kama 6,700 hivi, akainama anazidisha kwa tisini, mtunza muda anagonga meza hakuna anayemsikiliza, akainuka akasema laki sita na elfu tatu. Darasa zima likaguna, nusu kwa kuona nyingi nusu kwa kuona kidogo. Yule msichana wa Amani akasema baba yake ana pilipili manga na iliki, ukigawa ya mwaka mzima hafikishi hata nusu yake kwa mwezi, lakini analala kwake. Mvulana wa watetezi akamjibu ndo maana bati lenu linavuja. Hapo mkuu wa shule akaingilia.

Kura zikapigwa kwa mikono. Watetezi 59, wapingaji 64. Mi sikupiga, na hata ningeambiwa nipige sijui ningenyoosha upande gani, maana bati la nyumbani ni la hizo riali na ile ziro yangu isingenunua hata msumari.

Kurudi nyumbani nikawa natembea taratibu, nawaza mama nitamwanzaje. Sikuhitaji. Nimekuta keshaambiwa, watoto wa shule wana mbio kuliko mtandao. Yuko jikoni anakuna nazi ya kisamvu, hata hakugeuka. Akasema, wamekuja hapa wananiambia eti wewe sio nesi. Nikasema ndio mama. Akakuna kidogo, akasema, kwani nani alisema wewe ni nesi?

Nikabaki mdomo wazi. Akaniambia chuja tui hilo.

Binti alininunia Jumamosi nzima. Jumapili usiku akaja kukaa kitandani kwangu, akanionyesha daftari la kemia, kapata 71, akaondoka hajasema neno. Voisi noti hatumiani tena kwa kuwa tunalala nyumba moja, na sasa hivi habari za shule inabidi nimuulize, na nikimuuliza anasema nzuri.

Jumatatu nimepita tena ubaoni. Matokeo ya mdahalo yamebandikwa kwa miiba yake, orodha ya mahindi imefupika, na timu ya netiboli inacheza wilaya Jumamosi hii. Jezi nimezipeleka kwa fundi pale karibu na sokoni azipunguze zote 14, mabega, mikono na urefu, nimemlipa nusu. Ameniambia Alhamisi. Nikamuuliza Alhamisi kweli? Akanijibu dada we umekaa nje sana, nikisema Alhamisi ni Alhamisi. Leo Ijumaa asubuhi nimepita, kibanda kimefungwa kufuli na jirani yake anasema kaenda msibani Maramba. Jezi naziona kwa dirishani, saba zimekatwa, saba bado. Mwenye namba yake nyingine aniandikie haraka, hii aliyonipa haipatikani.